Maswali ya Wasomaji: Setilaiti Huyaona Maji Yapi?

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia mahali pamoja. Toleo lililopita lilichapisha picha ya bonde la Usangu iliyopigwa na setilaiti, na tangu hapo wakulima, wafugaji na wanafunzi wananiuliza inakuwaje chombo kilicho huko juu kijue palipo na maji. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Maisha yangu ya kazi yalikuwa maji ya bonde la Rufiji: kwanza kusoma fito za kupimia kina zilizosimikwa mtoni, baadaye kusoma picha hizi. Nimechagua barua chache, na baadhi nimezijibu kwa urefu kwa sababu fedha za watu zimo ndani yake.

Shikamoo mama. Mimi ni mkulima wa mpunga. Katika picha yenu ya mwezi Machi, mto umeonyeshwa kuwa maji, lakini majaruba yetu yamepakwa rangi ya nyasi. Mwezi huo maji yalikuwa yanatufika juu ya kifundo cha mguu! Je, setilaiti imetudanganya? Na inajuaje kwamba haya ni maji? — Mkulima, Ubaruku, Mbarali

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuona shamba lako limefutwa kwenye ramani. Setilaiti haikusema uongo. Imesema ilichokiona kutoka juu, na kutoka juu mwezi Machi kulikuwa na majani ya mpunga. Maji yalikuwa chini yake.

Tuanze na mwanga. Jua likipiga ardhini, kila kitu humeza sehemu ya mwanga huo na kurudisha sehemu nyingine. Setilaiti hupima unaorudi, rangi moja baada ya nyingine. Sentinel-2 za Ulaya, zinazozunguka kilomita 786 hivi juu yetu, hupima mafungu 13 ya mwanga, na baadhi yake macho ya binadamu hayayaoni kabisa. Kwa kazi yetu lililo muhimu ni infraredi, mwanga ulio ng'ambo ya wekundu. Majani mabichi huirudisha infraredi ya karibu kwa wingi sana. Maji huimeza karibu yote. Ndiyo maana mto wenu hutoka mweusi katika fungu hilo wakati kingo zake zinang'aa.

Mwaka 1996 mtafiti McFeeters alipendekeza hesabu ambayo hata mwanao wa sekondari anaiweza. Chukua kiasi cha kijani kinachorudi, toa kiasi cha infraredi ya karibu, halafu gawanya kwa jumla ya vyote viwili. Tuseme bwawa limerudisha kijani 6 kwa mia na infraredi 2 kwa mia: 4 gawanya kwa 8, unapata 0.5. Nyasi zikirudisha kijani 8 na infraredi 40, unapata hasi, karibu −0.67. Chanya ni maji, hasi ni nchi kavu, ingawa mstari wa kutenganisha lazima urekebishwe kwa kila mahali. Maji ya tope, kama ya mto Ruaha Mkuu mvua zinapochanganya, hurudisha infraredi kiasi na kuiyumbisha hesabu hiyo. Hesabu hiyo huchanganya pia majengo na maji, na kwa sababu hiyo mwaka 2006 mtafiti Xu aliiondoa infraredi ya karibu akaweka ile ya mawimbi mafupi, ambayo maji huimeza kwa nguvu zaidi hata yakiwa machafu.

Sasa turudi jarubani kwako. Siku mnapopandikiza, miche ni michache na maji yako wazi, hivyo hesabu hii inayakamata. Wiki zikipita majani yanafunga, mwanga hauyafikii tena maji, na shamba linasomeka kuwa nyasi. Hapo ndipo tunapohitaji rada.

Setilaiti ya rada, kwa mfano Sentinel-1, haingoji jua. Hutuma mawimbi yake yenyewe ya redio, yenye urefu wa sentimita 5.6 hivi, nayo hupenya mawingu mchana na usiku. Kwa nchi ambayo msimu wake wa mpunga ndio msimu wake wa mawingu, hii ni neema. Maji yaliyotulia ni kama kioo kilicholazwa mezani: ukikimulika tochi kwa upande, mwanga unakwenda zake upande wa pili, haukurudii. Kwa hiyo maji wazi huwa meusi kwenye rada pia. Jaruba lililoingizwa maji ni jeusi. Mashina yakiota, mawimbi hugonga maji, yakagonga shina, yakarudi kwa setilaiti, na weusi unapungua wiki hadi wiki. Anayezifuata picha hizo kwa mfululizo anajua jaruba lipi liliingia maji lini.

Mwanangu, hapo ndipo ningependa Mbarali yote isikilize. Ruaha Mkuu, ambao wazee waliujua ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukatika kiangazi mwaka 1993. Tangu hapo wa juu na wa chini, wakulima, wafugaji, hifadhi na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, wamekuwa wakinyosheana vidole. Ramani ya tarehe za majaruba kujaa inaweza kutandazwa mezani kwenye kikao cha jumuiya ya watumia maji, kila mmoja akaiona, na ubishi ukapata pa kuanzia. Data yenyewe ni ya bure. Kinachokosekana ni mtu wa kuileta kikaoni kwa lugha ya watu.

Na Ihefu, kile kinamasi cha bonde la Usangu? Matete yake ni marefu na mazito, na mawimbi ya sentimita 5 mara nyingi huishia kwenye majani. Hapo yanatakiwa marefu zaidi, ya sentimita 20 na zaidi, kama ya ALOS-2 ya Wajapani iliyorushwa mwaka 2014, na sasa NISAR ya Marekani na India iliyorushwa Julai 2025. Hayo hupenya matete, hugonga maji na mabua, na kurudi kwa nguvu. Kwa hiyo kinamasi chenye maji chini ya matete huonekana cheupe, kinyume cha bwawa. Asiyejua hilo ataipitia Ihefu na kuandika "pakavu". Ajue pia kwamba upepo ukilichafua ziwa, rada huling'arisha, na kwamba kiwanja cha ndege au mchanga laini unaweza kuwa mweusi bila tone la maji.

Mama, habari. Kuna miezi ramani za setilaiti huonyesha ziwa limerudi nyuma hapa kwetu, ilhali maji yako pale pale. Kwa nini? — Mvuvi, Kisumu

Njema, kaka. Ni gugu maji. Likiifunika Ghuba ya Winam, linarudisha infraredi kama shamba la mahindi, na hesabu niliyoieleza hapo juu inaliita nchi kavu. Kuna njia ya kulipima ziwa isiyojali gugu la kando: setilaiti zinazopima kimo cha uso wa maji kwa rada, kazi iliyoanza na TOPEX/Poseidon mwaka 1992. Zilizofuata ndizo zilizoonyesha Ziwa Victoria likipanda hadi mafuriko ya Mei 2020, sawasawa na vipimo vya kimo vilivyosomwa ziwani kule Jinja. Tangu Desemba 2022 ipo pia SWOT, ya Marekani na Ufaransa, inayopima kimo cha maziwa madogo na mito yenye upana wa mita 100 au zaidi.

Shikamoo mama. Kamati yetu ya maji ya kijiji imetembelewa na mtu mwenye kompyuta. Anasema ana setilaiti inayoona maji hadi mita 200 chini ya ardhi, na kwa malipo atatuonyesha pa kuchimba bila kuja na vifaa. Wajumbe wengi wameshakubali. Nifanye nini? — Mjumbe wa kamati, Singida

Marahaba. Msitoe hata shilingi. Kasome jibu hili mbele ya kamati yote.

Hakuna setilaiti inayoona maji mita 200 chini ya ardhi na kukuonyesha pa kuweka mashine. Mwanga huishia juu kabisa ya udongo. Rada huingia sentimita chache tu udongo ukiwa na unyevu. Maneno ya watu hawa yana asili ya kweli waliyoivuta mpaka ikakatika: mwezi Novemba 1981 rada ya SIR-A, iliyobebwa na chombo cha Columbia, iliona mikondo ya mito ya kale iliyofukiwa na mchanga wa Sahara, Misri na Sudan. Lakini mchanga ule ni mkavu kupita kiasi, na kina chenyewe kilikuwa mita moja au mbili. Zaidi ya hayo ilikuwa mikondo mikavu. Hapakuwa na maji.

Wengine watakutajia GRACE. Hii ni kweli tupu, na mimi huistaajabia kila ninapoielezea. Setilaiti mbili zilirushwa mwaka 2002, moja ikiifuata nyingine kwa umbali wa kilomita 220 hivi. Zikipita juu ya mahali penye uzito zaidi, ile ya mbele huvutwa kwanza, umbali kati yao unabadilika kidogo mno, na badiliko hilo hupimwa. Maji yana uzito, kwa hiyo bonde likipoteza maji ya ardhini, mvutano wake unapungua. Wenzao walizipokea kazi hiyo mwaka 2018. Lakini GRACE huona eneo kubwa kuliko mkoa wa Tabora kwa mkupuo mmoja. Inaweza kusema nchi nzima imekaukiwa. Haiwezi kuchagua kati ya uwanja wa shule na nyuma ya zahanati.

Je, picha hazisaidii kabisa? Zinasaidia sana, kwa njia ya uaminifu. Singida imekaa juu ya graniti, na maji ya graniti hukaa kwenye mipasuko na kwenye mwamba uliooza. Mipasuko mikubwa huonekana toka juu: mstari ulionyooka unaokata vilima, mlolongo wa miti inayobaki kijani mwezi wa Oktoba wakati kila kitu kimekauka. Mtaalamu mwema hutumia picha hizo kupunguza eneo la kutafuta. Kisha anakuja kijijini na kifaa cha kupima ukinzani wa umeme wa ardhi, anachomeka vyuma vyake, anavuta nyaya, anasoma visima vya jirani vilitoa nini. Ndipo mashine inaitwa. Na hata hapo kisima kinaweza kutoka kikavu.

Wajumbe wakibisha, wasimulieni ya Turkana. Mwezi Septemba 2013 serikali ya Kenya na UNESCO walitangaza hifadhi kubwa mno ya maji chini ya bonde la Lotikipi, huko huko Turkana. Ilikuwa imetafutwa kwa rada ya setilaiti pamoja na jiolojia, na waliochimba waliyakuta maji kweli. Dunia nzima iliandika. Uchunguzi uliofuata ulikuta maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi mno kwa kunywa. Setilaiti haionji. Nanyi Singida mna adui yenu, floridi, ambaye maabara tu ndiyo inayomtambua.

Fedha hizo ni za watu waliouza alizeti na kuku. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Kati iko hapo hapo Singida mjini, na RUWASA, wakala wa maji vijijini, iko wilayani. Nendeni na jina la kijiji, ombeni kumbukumbu za visima vilivyokwisha kuchimbwa karibu nanyi. Kisha mwambieni yule bwana aje na kifaa cha ardhini na awaandikie ripoti yenye sahihi yake. Mkiona amekawia kujibu simu, mmejibiwa.

Mama, salamu kutoka Garissa. Nilikata bima ya mifugo. Ukame umeniua ng'ombe, lakini nimeambiwa silipwi kwa sababu setilaiti iliona ardhi bado ni kijani. Kijani wanachokisema ni mathenge, ule mti vamizi wa miiba! — Mfugaji, Garissa

Pole sana, ndugu yangu. Barua yako niliisoma mara mbili, na hoja yako ni nzito kuliko pengine unavyodhani.

Bima ya namna hii ilianzia Marsabit mwezi Januari 2010, na mwaka 2015 serikali ya Kenya ikaanzisha mpango wake Turkana na Wajir. Haitumi mtu kuhesabu mizoga. Hutazama kipimo cha ukijani: majani hai humeza wekundu na kurudisha infraredi, na tofauti ya hayo mawili inasema malisho yakoje. Kipimo cha msimu huu kinalinganishwa na cha miaka iliyopita mahali hapo hapo. Kikishuka chini ya kiwango kilichoandikwa, kila mwenye bima katika eneo hilo analipwa. Bila utaratibu huo bima isingeweza kumfikia mtu aliye mbali kama wewe kwa bei anayoimudu, na kwa sababu hiyo ninautetea. Lakini chombo kinapima ukijani. Hakijui ng'ombe anakula nini.

Mathenge ina mizizi mirefu, inayafuata maji ya chini, na inabaki kijani nyasi zikiwa vumbi. Kuna tatizo la pili nyuma ya hilo. Kadiri mathenge inavyoenea, ukijani wa kiangazi katika eneo lenu unapanda mwaka hadi mwaka, hivyo ukame wa leo ukilinganishwa na miaka ya nyuma, wakati mathenge ilikuwa chache, unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Ramani inaonyesha nafuu huku malisho yanakwisha.

Dawa ipo, na inatoka kwenye tabia hiyo hiyo ya mti. Chukua picha za kilele cha kiangazi, pale nyasi zimekufa kabisa: kilichobaki kijani nje ya mashamba ya umwagiliaji na miti ya kando ya mto Tana kwa sehemu kubwa ndicho mathenge. Vipande hivyo vya picha viondolewe kwenye hesabu, ipimwe nyasi iliyobaki. Haihitaji setilaiti mpya. Inahitaji aliyeandika mkataba akubali kuurudia.

Kwa upande wako, andika malalamiko pamoja na wenzako wa eneo moja, kwa kuwa bima hii huamuliwa kwa eneo. Ulizeni mipaka ya eneo lenu na kiwango cha malipo. Pigeni picha za malisho kwa simu zenye kuonyesha tarehe na mahali. Ambatanisheni taarifa ya kila mwezi ya kaunti yenu inayotolewa na NDMA, mamlaka ya taifa ya kudhibiti ukame. Kipimo chao cha mimea nacho kinatoka kwa setilaiti na kina udhaifu ule ule, lakini taarifa hizo hubeba pia yanayokusanywa chini: hali ya miili ya mifugo, maziwa, umbali wa kwenda majini. Setilaiti ikisema kijani na mbavu za ng'ombe zinahesabika, atakayewajibu alazimike kueleza vyote viwili.

Kamwene mama. Tuna parachichi ekari tatu. Tunaweza kujua kwa setilaiti miti ina kiu kabla majani hayajanyauka? — Mume na mke, Njombe

Kamwene! Mnaweza, kwa kiasi. Maji yaliyo ndani ya jani humeza infraredi ya mawimbi mafupi. Jani likipungukiwa, mwanga huo unarudi zaidi, na mara nyingi hilo huanza kabla ukijani haujapungua. Hesabu ya unyevu wa majani inatumia infraredi ya karibu na hiyo ya mawimbi mafupi. Gao aliieleza mwaka huo huo wa 1996. Tovuti ya Copernicus Browser inayo ikiwa tayari, bure, na inafunguka hata kwa simu.

Angalieni mambo mawili. Vipande vya picha hiyo ni vya mita 20 kwa 20, kwa hiyo ndani ya kimoja mna miti kadhaa pamoja na nyasi zilizo katikati; nyasi zikikauka mwezi wa Julai, kipimo kinashuka hata kama miti imeshiba. Na namba moja peke yake haina maana. Linganisheni kona za shamba lenu kwa tarehe moja: kona inayoshuka haraka kuliko nyingine kila baada ya siku tano au kumi, hiyo kaitembeleeni, chimbeni kidogo chini ya mti, mshike udongo. Kwa ekari tatu, hiyo ndiyo faida kubwa mtakayoipata: kujua pa kuanzia kutembea.

Shikamoo mama. Ninafanya utafiti wa unyevu wa udongo nikitumia data ya setilaiti ya SMAP. Namba zangu za shambani hazilingani nayo kabisa. — Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba mwanangu. Kwanza tazama ukubwa. SMAP, iliyorushwa tarehe 31 Januari 2015, husikiliza mawimbi hafifu ambayo udongo wenyewe huyatoa. Udongo mkavu hutoa mengi, wenye maji hutoa machache. Rada yake iliharibika mwezi Julai mwaka huo huo, na ikabaki na sikio hilo moja linalosikia eneo la kilomita 40 hivi kwa mara moja. Viwanja vya kilomita 9 unavyopakua vimetokana na hesabu za baadaye. Ndani ya kilomita 40 za Morogoro mna Uluguru, mji, mashamba na mabonde, na wewe umechukua udongo wa shamba moja. Linganisha kupanda na kushuka kwa siku nyingi, usilinganishe namba ya siku moja.

Pili, kina. SMAP inasoma sentimita 5 za juu. Kama umechota kwa jembe hadi sentimita 20, umepima udongo mwingine.

Tatu, na hili ndilo ninalolikuta kwa wanafunzi wengi, kipimo. Umekausha sampuli kwenye oveni nyuzi 105 kwa saa 24, gramu 100 zikawa 82, ukagawanya 18 zilizopotea kwa 82, ukaandika 22 kwa mia. Hiyo ni kwa uzito. SMAP hutoa kwa ujazo. Lazima uzidishe kwa msongamano wa udongo wako mkavu; ukiwa gramu 1.3 kwa kila sentimita ya ujazo, jibu ni karibu 28.5 kwa mia. Pima msongamano huo mwenyewe kwa pete ya chuma, usiuchukue kitabuni, maana udongo mweusi wa mabondeni na mchanga wa miinuko haviko sawa. Na kwa kuwa SMAP hupita saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, chota sampuli zako alfajiri, kabla jua halijakausha zile sentimita za juu.